Wageni Niliowapeleka Ikilavi

Rehema ndiye aliyenitaka niandike. Yeye ndiye anayekalia kiti changu ofisini Makambako sasa, na anasema vijana wanaoingia kazini wanajua Kiingereza kunizidi na wanajua mambo ya mtandao kunizidi mara mbili, lakini wakifika mbele ya jengo la Mjerumani wanasimama kama watu waliokuta benki imefungwa. "Mama Neema, waandikie kabla hujaanza kusahau," akaniambia. Nikamjibu kwamba nilichostaafisha ni magoti, kichwa bado kipo kazini. Ila nilipofika nyumbani nikatafuta kalamu.

Jina langu ni Tumsifu Mlowe. Kazi yangu ilikuwa kuongoza wageni wa safari za siku moja. Tunaondoka Makambako asubuhi, tunapita Njombe mjini, tunakwenda kutazama vituo vya zamani ambavyo Wazungu walivijenga kando ya mito yetu, na giza linapoingia kila mtu yuko kwake anaosha miguu. Nilipoanza, watu walinicheka. Makambako, walisema, ni mahali pa kubadilisha gari. Anayekwenda Songea anashuka, anayekwenda Mbeya anashuka, wote wanapigwa na upepo, wananunua mahindi ya kuchoma na kuondoka. Nani atalala Makambako kwa hiari yake ili aamke akatazame nyumba kuukuu?

Aliyeamini kwamba wapo ni Mwalimu Mligo. Alikuwa amestaafu kufundisha historia sekondari, akafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na njia panda, katikati ya fundi cherehani na duka la mbolea. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya jirani. Siku moja alinikuta namweleza mgeni kwa nini kwetu Njombe mtoto mchanga anavalishwa sufu hata jua likiwaka. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Binti, unajua kueleza bila kujisifu. Njoo kwangu kesho." Nikaenda, na sikurudi tena mapokezi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa baridi. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Wageni walikuwa mke na mume kutoka Uholanzi, wazee wapole waliodhani Afrika yote ina joto, kwa hiyo walikuja na kaptula. Mwalimu alivua koti lake akampa mama, nami nikampa baba khanga ajifunge miguu. Nadhani ndiye mwanaume wa kwanza kupita Njombe mjini akiwa amefungwa khanga iliyoandikwa maneno ya wivu, na hakuna aliyemtafsiria.

Tulisimama kwenye maporomoko ya Ruhudji, pale chini ya barabara, maji yakipiga kelele. Yule baba akauliza, "Kwa nini hawa Wajerumani walipenda kukaa karibu na maji?" Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama maji kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuyaona. Nikajua ameniachia. Nikasema, "Sijui, baba. Lakini tutakapofika tuendako nitawauliza wenyeji."

Nilidhani kazi imeishia hapo. Jioni Mwalimu aliniambia, "Umefaulu. Waongozaji wengi huanguka kwenye swali la kwanza kwa sababu wanaona aibu kusema hawajui, wakatunga." Halafu akanieleza mwenyewe: maji ya kusagia nafaka, maji ya bustani za viazi na mapeasi, na maji ya kubatizia. "Na mto," akaongeza, "ni mahali ambapo kila mtu lazima aje. Ukitaka kuwapata watu bila kuwatafuta, kaa njia ya kisimani."

Nilifanya kazi na Mwalimu mpaka Mungu alipomchukua. Alinifundisha mambo mengi, lakini nitawaachia mawili. La kwanza, hakuna safari inayoanza kabla hamjasalimia. Ukifika kijijini, gari linasimama mbali, mnashuka, mnakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mnasalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe. Mgeni akitazama saa, mwache aitazame. La pili, usimpendeze mgeni na usimtukane. Kuna siku kijana wa Kizungu alimuuliza kama Wajerumani walikuwa watu wema au wabaya. Mwalimu akamjibu, "Walijenga shule na walichapa viboko. Mtu mmoja ana mikono miwili."

Kuhusu vifaa, mtacheka. Nimeona vijana wanakuja na mabegi yenye mifuko mingi hata wao hawajui kilichomo. Mimi nilibeba chupa ya chai, mwavuli, sweta la ziada na khanga mbili. Khanga ni meza, ni kitanda cha mgonjwa, ni bandeji, na kwa mama aliyebanwa na haja mahali pasipo na choo ni ukuta. Viatu viwe vile ulivyokwisha kukanyagia shambani. Njombe hakuna udongo unaoheshimu kiatu kipya.

Dereva wangu kwa miaka mingi alikuwa Osmundi, Mkatoliki wa upande wa Uwemba. Mimi Mlutheri. Kila tulipopita kanisa la kwao alipunguza mwendo ili wageni walione vizuri, na kila tulipofika kwa Walutheri alikumbuka kwamba tumechelewa. Lakini sijapata kuona mtu anayelisikiliza gari kama yeye. Alikuwa akiweka kiganja kwenye usukani, anafumba jicho moja, anasema, "Hili linataka kuugua," na kweli kesho yake linalala.

Sasa niwasimulie siku ngumu kuliko zote.

Ikilavi ni kijiji kilicho kando ya mto Lwembe, upande wa mashariki wa Njombe ukishapita mashamba ya chai. Wajerumani walijenga misheni pale: kanisa, nyumba ya mchungaji, kinu cha kusagia kinachozungushwa na mto, na juu kidogo makaburi. Kwa miaka mingi tulikwenda bila shida. Wageni walipiga picha kinu, wakala viazi vya kuchemsha kwa mama mmoja wa pale, wakarudi wakiwa na furaha.

Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili kutoka Ujerumani. Mmoja alikuwa bibi mwenye mvi, Hanelore, na mwingine binti yake, Katrin, mwanamke mtu mzima mwenye haraka za kimjini. Bibi alizungumza Kijerumani tu. Katrin alikigeuza kuwa Kiingereza, mimi nikakigeuza kuwa Kiswahili, na mbele ya wazee nikakigeuza tena kuwa Kibena. Neno moja lilisafiri sana kabla halijafika.

Bibi Hanelore alikuja kwa sababu moja. Mama yake alizaliwa Ikilavi, binti wa mchungaji wa misheni. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyefariki angali mchanga na kuzikwa pale pale. Familia iliporudi Ujerumani, yule mama alikua, akazeeka, akafa, akiwa hajawahi kurudi kumwona mdogo wake. Sasa bintiye alitaka kumfikia kabla miguu yake haijakataa.

Nilimpigia simu mwenyekiti jana yake. Hakupokea. Baadaye nikajua alikuwa msibani Ludewa, bondeni ambako simu haishiki. Nikasema tutamkuta makamu wake. Tukaondoka.

Nisichokijua ni kwamba wiki hiyo hiyo watu wasiojulikana walifika Ikilavi na sururu. Ninyi nyote mnajua maneno ya mali ya Mjerumani: kwamba walipokimbia vita walifukia rupia na dhahabu chini ya majengo na ndani ya makaburi. Hao watu walichimba nyuma ya kanisa, kisha wakapanda makaburini wakavunja kaburi la mwinjilisti wa zamani, mzee wa kijiji kile, ambaye alizikwa na Biblia yake na hakuwa na kitu kingine duniani. Kijiji kilikuwa na msiba na hasira kwa pamoja. Walikuwa wameapa kwamba mtu yeyote kutoka nje asikanyage makaburini.

Na mimi nikaingia na Wazungu wawili.

Osmundi alisimamisha gari mbali kama kawaida. Tukashuka. Katrin akafungua buti, akatoa fimbo mbili za mama yake za kutembelea, zile za bati jepesi zinazokunjwa na kukunjuliwa, ncha zake zinang'aa. Akazivuta, zikalia ka, ka, ka. Mtu mmoja aliyekuwa bustanini akainuka.

"Mashine!" akapiga kelele. "Wamekuja na mashine ya kupimia dhahabu!"

Kabla sijafungua mdomo, njia ilikuwa imejaa. Wanaume walitoka mashambani na majembe yao mabegani, wanawake wakatoka jikoni. Mbele yao alikuwa Lutangilo, mgambo wa kijiji, mtu mrefu ambaye siku nyingine zote alikuwa akinisaidia kubeba chupa ya chai. Alisimama katikati ya njia.

"Mama Neema, tunakuheshimu," alisema. "Lakini hawa watu hawaendi makaburini. Na gari haliondoki mpaka mwenyekiti arudi."

"Shemeji, shida nini?" nikamuuliza. Mke wake ni wa ukoo wetu.

"Shida unaijua. Wenzao walikuja Jumatatu."

"Wenzao nani? Hawa wameshuka kwenye ndege juzi."

"Ndiyo hao hao wenye ramani!" mwanamke mmoja akasema kwa nyuma. "Babu zao walificha, wao wanakuja kuchukua."

Katrin alinishika mkono. "Wanasema nini? Wanataka nini?" Sauti yake ilikuwa imepanda. Osmundi alirudi taratibu kwenye gari akasimama karibu na mlango wa dereva. Nilimtazama nikatikisa kichwa. Nilijua akiwasha gari tu, mawe yatafuata. Niwaambie ukweli, niliogopa. Watu wale niliwafahamu kwa majina, nilikuwa nimekula nyumbani kwao, lakini kundi lenye hasira halina majina.

Nikafanya kitu kimoja nilichokijua. Nikawasalimu. Si salamu ya haraka, salamu yenyewe. "Kamwene," nikasema, nikamwendea mzee wa kwanza, nikapiga goti, nikampa mkono. Kisha wa pili. Nikamuuliza habari za mke, za mahindi, za ng'ombe aliyekuwa anaumwa. Nikampa pole ya kaburi la mwinjilisti kila mmoja kwa nafsi yake, kwa Kibena, maana pole ya Kiswahili kwetu ni kama pole ya ofisini. Nilikwenda hivyo kutoka mtu hadi mtu. Majembe yalianza kushuka, kwa sababu huwezi kumpa mtu mkono huku umeshika jembe begani, labda uwe umelelewa vibaya.

Nilipomfikia Lutangilo, nikamwambia, "Shemeji, mimi sina la kuficha. Hawa wageni watafungua mizigo yao yote hapa mbele yenu. Kikionekana kitu cha kuchimbia, nifungeni mimi kwanza."

Nikatandika khanga zangu mbili kwenye nyasi. Katrin hakutaka. Alisema ni dharau, kwamba watapiga simu ubalozini. Nikamwambia, "Dada, ubalozi uko mbali na hawa wako hapa. Na juzi wamefukuliwa babu yao." Akamtafsiria mama yake. Yule bibi ndiye alikuwa wa kwanza kufungua mkoba wake.

Vitu vikatoka. Dawa za presha. Soksi. Miwani. Biskuti zilizovunjika. Soksi nyingine. Lutangilo akazichukua zile fimbo, akazikunja, akazikunjua, akampa mzee mmoja mwenye kiuno kibovu azijaribu. Mzee akatembea nazo hatua kadhaa, akarudi, akasema, "Hii si mashine. Hii ni dawa." Watu wachache wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba wamekasirika.

Mwisho kabisa, chini ya mkoba, bibi akatoa kofia. Ilikuwa kofia ya mtoto mchanga, ya sufu nyeupe, imefumwa kwa mkono, ina kamba mbili za kufungia kidevuni. Kila mwanamke pale aliijua kofia ya namna ile. Nusu yao walikuwa na watoto migongoni wamevaa kofia kama hiyo.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza yule mwanamke wa nyuma.

Nikauliza kwa Kiingereza, Katrin akauliza kwa Kijerumani. Bibi Hanelore akajibu polepole, na jibu likarudi kwangu kipande kipande. Mama yake, alipokuwa mzee na akili imeanza kupotea, alikuwa akilia kila majira ya baridi akisema mdogo wake kule mtoni anasikia baridi. Alikuwa akimwomba binti amfumie mdogo wake huyo kofia. Binti alifuma. Alikuwa amefuma nyingi na kuzigawa, kwa sababu mama akisahau aliomba tena. Hii ni ya mwisho.

Nikawaeleza watu.

"Huyo mtoto alikuwa na jina gani?" Sauti ilitoka pembeni, kwa bibi mmoja mdogo wa umbo aliyekaa juu ya gogo. Alikuwa Bibi Twilumba, mjane aliyeishi nyumba ya mwisho chini ya makaburi. Kila nilipopita na wageni aliitikia salamu na kuendelea kupalilia maboga yake, na hakuwahi kuniuliza neno.

Bibi Hanelore alitaja jina la Kijerumani, refu, na jina la ukoo. Bibi Twilumba akatikisa kichwa. "Hilo silijui."

Yule mgeni akatazama chini. Kisha akasema kitu kwa Katrin, kama anayeona aibu. Katrin akaniambia, "Anasema mama yake hakuwa akitumia jina hilo. Alimwita kwa neno la kitoto tu, halina maana. Kadodo."

Sikuhitaji kutafsiri. Kadodo kwa Kibena ni kale kadogo. Watu wote waligeuka kumtazama Bibi Twilumba, naye alikuwa ameshaanza kunyanyuka kwenye gogo.

"Nifuateni," akasema. Akamtazama Lutangilo. "Na wewe weka hilo jembe, au njoo nalo, litatufaa."

Tulikwenda kijiji kizima. Hakupanda makaburini. Alituingiza kwenye bustani yake, penye ukingo ambapo makaburi ya misheni yaliishia zamani, akasimama kwenye kichaka cha maboga. Akamwambia Lutangilo atandue majani na kuparua udongo taratibu. Chini yake likatokea jiwe lililolazwa kifudifudi. Lilipogeuzwa, maandishi yakaonekana.

Bibi Twilumba alisema alilifukia mwenyewe, miaka mingi nyuma, waliposikika wachimbaji wa kwanza. Aliyemwachia kazi ya kulitunza ni bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa yaya wa watoto wa mchungaji. Ndiye aliyewafundisha maneno ya kwanza. Ndiye aliyembeba yule mchanga mgongoni.

"Mwaka huo baridi ilikuwa kali," alisimulia, nami nikigeuza maneno yake. "Mtoto wa mchungaji aliugua kifua. Bibi yangu alilala naye huko misheni siku zote hizo, maana mtoto hakukubali kulala kwa mtu mwingine. Na yeye alikuwa na mtoto wake nyumbani, lika moja na huyo. Mjomba wangu. Naye akaugua kifua. Alipoletewa habari, wa mchungaji alikuwa ameshakufa. Akakimbia nyumbani. Wa kwake naye hakumkuta."

Akaonyesha pembeni ya jiwe. Palikuwa na mawe matatu ya mtoni, ya mviringo, yamepangwa. "Huyu ndiye mjomba. Bibi aliomba walazwe pamoja, wakamkubalia. Ila wa kwao aliwekewa jiwe la kuandikwa, wa kwetu bibi alimletea mawe ya mtoni mwenyewe."

Mwalimu alinikataza kumpendeza mgeni, na hapo ningeweza kabisa kuruka ile habari ya jiwe. Sikuiruka. Katrin naye hakuiruka. Nilimwona anavyopata shida kuisema.

Bibi Hanelore alisogea, akapiga magoti kwenye udongo ule mweusi, na ile suruali yake safi. Halafu akaichukua kofia akaiweka juu ya yale mawe matatu, si juu ya jiwe lenye maandishi.

"Anasema wa kwao alikwisha kupewa," Katrin akaniambia.

Bibi Twilumba aliitazama ile kofia. Nilidhani atalia. Badala yake akainama, akaiokota, akaikung'uta vumbi. "Mwambie nimeshukuru," alisema. "Lakini sufu nzuri hivi haiachwi ikaozeshwa na mvua. Hawa wawili hawasikii tena baridi." Akageuka, akawapekua wale akina mama kwa macho, akamwendea yule mwanamke wa nyuma, aliyesema mambo ya ramani. Mtoto wake mgongoni alikuwa na kichwa wazi. Bibi akamvalisha, akafunga kamba kidevuni, akampiga kidogo kwenye shavu.

Ndipo Bibi Hanelore alipolia, na akacheka humo humo ndani ya kilio. Na yule mwanamke akamfuta machozi kwa upande wa khanga yangu.

Tulikula viazi hapo hapo bustanini. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaletwa, Osmundi akasema yeye anaendesha, kisha akasema kikombe kimoja si kunywa. Mwenyekiti aliporudi kutoka Ludewa alikuta kijiji chake kimekaa chini na Wazungu, akauliza nani amekufa. Lutangilo akamjibu, "Watoto wawili, zamani. Tulikuwa hatujawalilia vizuri."

Kabla hatujaondoka wanakijiji walikubaliana palepale kuyazungushia makaburi yote uzio, ya misheni na ya kwao, na wageni wasiende bila mtu wa kijiji kuwasimulia. Wenyewe walipanda michongoma, na Bibi Twilumba akawa msimulizi wao wa kwanza mpaka alipotutoka. Wale wachimbaji walirudi mara moja tu, upande wa nyumba ya mchungaji. Walichimba kwa bidii kubwa wakafika kwenye choo cha zamani, na hatujawasikia tena.

Mimi najivunia mambo machache katika kazi hii, na hilo la Ikilavi ni moja. Sijivunii kwamba nilikuwa jasiri, maana mmesikia nilivyoogopa. Najivunia kwamba nilikuwa nimewasalimia watu wale miaka yote kabla ya siku hiyo, hata siku nilizokuwa na haraka. Salamu ya siku ya hatari haifai kitu kama ndiyo ya kwanza.

Na ninajivunia jambo jingine. Nilipoanza, wote niliowaongoza walikuwa Wazungu. Sisi wenyewe tuliyaona majengo yale kama mali ya watu, tukayapita na mizigo yetu kichwani. Kidogo kidogo ikabadilika. Walianza wanafunzi wa seminari ya Kidugala, wakaja walimu kutoka Matamba, wakaja wafanyakazi wa reli, zikaja kwaya. Wanabishana kuliko Wazungu, wanachelewa kuliko Wazungu, na wanakuja na chakula cha kulisha jeshi. Lakini wanauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa ya akina mama wa kanisa moja la Makambako. Rehema alikuwa nami ili achukue kijiti. Tulifika Ikilavi, tukasalimia, tukaenda kanisani, nikaanza kueleza jengo lilivyoinuliwa: udongo ukichukuliwa pale mtoni, matofali yakichomwa kwenye matanuri kando ya maji, vijana wa vijiji vyote vya karibu wakiyabeba mlima huu, wengine kwa imani na wengine kwa amri.

Mama mmoja, muuza nyanya pale stendi, akanyoosha mkono. "Dada, babu yangu alichoma matofali hapa. Tulikuwa tunasimuliwa. Ni yapi aliyoyachoma yeye?"

"Mama, hakuna anayejua," nikamwambia. "Hawakuandika."

Aliutazama ukuta, kutoka mlangoni mpaka pembeni kabisa. Akaweka kitenge chake sawa, akatua kikapu akampa mwenzake.

"Basi nitayagusa yote," akasema.

Akaweka kiganja kwenye tofali la kwanza karibu na mlango, akaanza kutembea, mkono ukifuata ukuta. Wenzake walimtazama kidogo. Kisha mmoja akaweka wa kwake nyuma yake, na mwingine, na mwingine, mpaka mstari ukazunguka kona ya kanisa nikasikia tu viatu vyao kwenye nyasi na mtu ameanza kuimba taratibu. Osmundi akapiga honi, maana tulikuwa tumechelewa kweli. Rehema akanitazama, anataka nimwambie la kufanya.

Nikampa mwavuli anishikie, nikaingia kwenye mstari.